Challenger ya mjomba: V6 au HEMI, na hela yake mpaka ifike Tanga

Wakuu, mjomba wangu karudi Tanga mwaka jana baada ya miaka mingi ya kazi Muscat, na wakati wenzake wanarudi na mafriji na mazulia yeye kashusha Dodge Challenger R/T ya 2016, rangi ya chungwa lililoiva, injini HEMI, yaani V8 ya Dodge yenye silinda nane, lita 5.7. Mi nimekaa nayo wiki mbili na zaidi, nimeenda nayo Muheza, Korogwe, Dar mara moja, na kabla ya hapo niliwahi kumtembelea binamu yangu hukohuko Muscat nikaendesha ya kwake siku kumi, ya kwake ni SXT, toleo la chini, V6 yaani silinda sita, lita 3.6. Kwaiyo zote mbili nimezishika kwa mkono wangu. Na kila nikisimama sheli watu wananizunguka na maswali ni yaleyale mawili, bei gani na injini ipi ndo nzuri, nikianza kujibu tenki limeshajaa na nyuma wanapiga honi. Leo nayajibu kwa kirefu.

Kwanza tuelewane hili gari ni nini maana wengine wanadhani ni Mustang ya Ford. Challenger ya zamani ilitoka kama modeli ya 1970 na ikafa 1974, bima za magari ya nguvu Marekani zilikuwa zimepanda na mafuta nayo yakapanda baada ya mgogoro wa 1973. Baadae jina wakalibandika kwenye kigari cha Mitsubishi kuanzia 1978 mpaka 1983, hicho tukiache. Mwaka 2006 kwenye maonyesho ya magari Detroit wakaleta gari la mfano lenye sura ileile ya 1970, watu wakapagawa, na 2008 likaanza kuuzwa. Toleo la kwanza lilikuwa moja tu, SRT8, lita 6.1, nguvu za farasi 425, otomatiki ya gia tano, bei dola 37,995 na kwa soko la Marekani zilitoka 6,400 tu kila moja na kibao chenye namba yake kwenye dashibodi. 2009 wakashusha ngazi, V6 ya lita 3.5 yenye farasi 250 kwa dola 21,995, na R/T ya 5.7 katikati. Zote zimeundwa Brampton, Kanada, mpaka Desemba 2023 uzalishaji ukafungwa. Maana yake mpya kabisa hamna tena, unachotafuta ni iliyotumika tu.

Sasa bei. Nachukua modeli ya 2015 maana ndo mwaka walioibadilisha ndani na kuipa otomatiki ya gia nane, na kwangu mimi Challenger ya kununua inaanzia hapo. Kiwandani ilikuwa hivi, SXT V6 farasi 305 dola 26,995. R/T 5.7 farasi 372 kwa otomatiki, dola 31,495. Scat Pack lita 6.4 farasi 485, dola 37,495. Juu yake SRT 392, injini ileile ya 6.4 ila breki, shokapu na mapambo ya juu zaidi, dola 45,995. Halafu Hellcat, lita 6.2 yenye supachaja (pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini), farasi 707, dola 59,995.

Piga hesabu uone. Kutoka V6 kwenda R/T unaongeza dola 4,500 unapata farasi 67. Kutoka R/T kwenda Scat Pack unaongeza 6,000 unapata farasi 113, yaani kila farasi wa nyongeza anakugharimu kama dola 53 wakati kwenye hatua ya kwanza ni 67. Na kutoka Scat Pack kwenda Hellcat ni dola 22,500 kwa farasi 222, hapo kila mmoja kapita dola 100. Kwaiyo kwa mtu wa Marekani Scat Pack ndo ilikuwa bei tamu kuliko zote na nawaelewa waliozikimbilia. Ila huyo anaendesha kwao, spea ziko mtaa wa pili, na hajakutana na kodi zetu.

Tuje kwetu. Gari likifika bandarini unalipa ushuru wa forodha asilimia 25 ya CIF, yaani bei pamoja na meli na bima. Juu ya jumla hiyo unaweka ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, na hapa ndo pana jambo ambalo wengi hawalijui, ngazi ya juu ya injini ni zaidi ya cc 2,000 na ni asilimia 10, basi, hamna ngazi nyingine juu yake. Kwa macho ya ushuru huu V6 ya 3.6 na HEMI ya 6.4 ni kitu kimoja, hata Mark X ya jirani yako yenye cc 2,500 iko kapu hilohilo. Kinachokuumiza ni uchakavu. Gari la miaka minane mpaka kumi linaongezewa asilimia 15, likizidi kumi ni asilimia 30. Halafu VAT asilimia 18 inakuja kukaa juu ya vyote, na vitozo vidogo vidogo pembeni.

Mfano, gari la CIF dola 20,000. Forodha 5,000 inakuwa 25,000. Asilimia 10 ya injini ni 2,500. Kama halijafika miaka minane unapiga VAT kwenye 27,500 unafika 32,450. Kama lina miaka tisa inaongezeka 3,750 kabla ya VAT, unafika 36,875. Likiwa na kumi na moja unaongeza 7,500, mwisho ni 41,300, yaani gari limejizaa mara mbili na zaidi kabla hujaweka hata namba. Tofauti ya kijana na mzee wa bei ileile ni dola 8,850! Na usitegemee risiti yako kukuokoa, TRA wana thamani zao kwenye mfumo, na viwango hivi vinaguswa kwenye bajeti, kwaiyo kabla hujatuma hata senti ingia kwenye kikokotoo chao uweke mwaka na modeli. Mjomba hakufanya hivo. Gari lake lilikuwa limeshavuka miaka minane likala ile 15, na alivyoniambia jumla aliyolipa sauti ilikuwa ya chini kabisa, mkaza mjomba alikuwa chumba cha pili.

Kwaiyo ukiona mtu anatangaza Challenger ya 2010 rahisi rahisi, ule urahisi serikali itauchukua wote na utabaki na giaboksi ya gia tano. Bora ambayo haijafika miaka minane hata kama bei ni kubwa kidogo.

Haya injini. V6 ya binamu naiheshimu, sitaki watu waitukane. Farasi 305 si haba, ni nyingi kuliko V8 nyingi za miaka ya nyuma, na barabara ya Muscat kwenda Sur ilikuwa inatembea vizuri tu, kimya, AC kali, unaweza kwenda masaa matatu hujachoka. Chini yake kuna mifupa iliyotokana na Mercedes E-Class enzi Chrysler wenye Dodge na Daimler wenye Mercedes walipokuwa nyumba moja, ndo maana inatulia njiani kama sedani ya mzee wa heshima. Ila ukiikanyaga inabidi usubiri gia zishuke na injini ipande juu ndo ianze kukusukuma, na mlio wake ni wa gari la kawaida. Umbo lile na mlio ule haviendani, moyo wangu haukutulia siku zote kumi.

HEMI ya mjomba ni habari nyingine. Nguvu ya kuvuta ni Nm 542 dhidi ya 363 za V6, na hiyo ndo tofauti unayoisikia mgongoni, zile farasi 67 ni za kwenye karatasi. Ukiwa gia ya juu pale Hale unapandisha na nyuma una watu wanne na mizigo, unagusa tu, haishtuki, inaenda. Na mlio, aisee. Asubuhi mjomba akiiwasha pale Chumbageni kabla ya kwenda kuswali inaunguruma kwa chini, haipigi kelele, unaisikia kwenye kifua kwanza kabla ya masikio. Hapa kwetu ukisema V8 mtu anafikiria Land Cruiser nyeupe ya waheshimiwa, sasa kuna watoto wa Ngamiani wakisikia V8 wanafikiria hii ya chungwa, na mimi hilo linanifurahisha kwa kweli.

6.4 sijaiendesha hivyo sitaisifia wala kuiponda kwa mwendo, namba zake zinajieleza. Nnachoweza kusema ni kwamba kutoka Tanga mpaka Segera kuna vijiji, kila kijiji kibao cha 50, na trafiki na tochi zao wapo. Hata hiyo 5.7 sijawahi kuimaliza. Na Hellcat yenye farasi 707 kwa barabara yenye bodaboda na baiskeli za Tanga zilivyo nyingi, hapana, naogopea watu.

Mafuta sasa, na hapa nataka niondoe uongo mmoja. Watu wanasema chukua V6 uokoe mafuta. Vipimo vya serikali ya Marekani nikivigeuza kwa kilomita, V6 mjini ni kama 8 kwa lita na safari ndefu karibu 13. R/T ya otomatiki mjini chini kidogo ya 7, safari kama 10 na nusu, maana ikiwa imetulia kwenye mwendo inazima silinda nne inabaki na nne, huo mfumo uko kwenye otomatiki tu, ya manyuo haina. Chukua lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Tanga mpaka Dar kilomita kama 350, V6 lita 28, HEMI lita 34 hivi, tofauti haifiki elfu ishirini. Mjini kila kilomita 100 tofauti ni kama elfu saba. Mtu aliyelipa kodi niliyoitaja pale juu hashindwi elfu saba. Na vipimo vyangu mwenyewe safari ya Dar vilikuja karibu na hapohapo, kilomita 10 kwa lita, ingawa nilijizuia mguu. Kitu kimoja cha kukumbuka, kitabu cha gari kinasema V6 inywe petroli ya oktani 87, HEMI 5.7 inywe 89 na 6.4 inywe 91, hizo ni namba za Kimarekani ambazo zinapimwa tofauti na za huku, 87 yao ni kama 91 yetu na 91 yao ni kama 95 au 96. Msije mkachanganya.

Sasa matunzo, na hapa ndo nina uchungu. Mjomba aliipeleka gereji moja mjini kubadilisha oili, jina nalihifadhi, mafundi wazuri tu wa magari ya Kijapani. Kitabu kinataka oili nyepesi ya 5W-20, na inaingia karibu lita saba. Wakamwagia 20W-50 nzito kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na injini ni kubwa. Nia yao ilikuwa njema lakini ule mfumo wa kuzima silinda unafanya kazi kwa presha ya oili, ukiweka nzito unauchanganya, na hizi HEMI tayari zinajulikana kwa ugonjwa wa rola zinazopanda kwenye kamshafti, zikianza kulika unasikia tik tik tik hata injini ikiwa ya moto. Wiki moja nikasikia sauti siielewi, tukaimwaga oili yote, lita saba chini, tukatafuta ya sahihi mpaka tukaagiza Dar. Ikanyamaza alhamdulillah. Ila usiku ule mjomba hakula.

Tiktik nyingine inayosikika asubuhi tu kisha ikapotea injini ikipata moto, hiyo mara nyingi ni bolti za menifoldi ya eksozi zimekatika, ni ugonjwa wake wa kawaida na si wa kufa. Jifunze kuzitofautisha kabla hujalipa mtu.

Plagi. Fundi alinunua nane, silinda nane plagi nane, hesabu ya kila mtu. Kufungua akakuta kila silinda ina plagi mbili, jumla kumi na sita. 5.7, 6.1 na 6.4 zote ziko hivo. Gari likalala gereji siku nne likisubiri nane nyingine. V6 ina sita tu, na hapo naipa haki yake, kwa matunzo V6 ni nafuu. Ila nayo ina lake, zile za mwanzo kabisa za 2011 mpaka 2013 zilikuwa na shida ya silindahedi ya upande wa kushoto mpaka kampuni ikaongeza dhamana kwa ajili yake, na ile nyumba ya filta ya oili ni ya plastiki, inavuja. Kabla hujalipa muulize muuzaji hivyo vitu viwili.

Na jingine ambalo si la utani, eabegi zilizotengenezwa na kampuni ya Takata. Challenger za 2008 mpaka 2014 zimo kwenye lile tangazo la magari kurudishwa yabadilishiwe eabegi, zile za mpaka 2010 mwaka 2022 kampuni ilisema kabisa zisiendeshwe mpaka zibadilishwe. Eabegi ikipasuka vibaya inarusha vipande vya chuma usoni. Chukua namba ya chesisi uiangalie mtandaoni ni bure, dakika mbili. Sitaki kusikia mtu wa Tanga kapata hilo kwa sababu ya kuokoa hela.

Usukani uko kushoto. Kiwandani Challenger haikutoka kamwe ya kulia, ukitaka misuli ya Marekani yenye usukani wa kulia kutoka kiwandani ni Mustang, nayo ni kuanzia 2015. Kuoveteki lori kati ya Segera na Chalinze ukiwa umekaa kushoto ni kazi, huoni mbele mpaka nusu ya gari iwe imeshatoka, ikabidi mkaza mjomba ndo awe macho yangu, anachungulia anasema bado, bado, haya twende. Siku nyingine nilikuwa peke yangu nikakaa nyuma ya lori la mkonge kilomita kibao na farasi wangu wote 372. Faida niliyoiona ni moja, Muheza ukisimama kununua machungwa muuzaji yuko dirishani kwako hasa, mnapatana bei uso kwa uso. Na tafadhali msigeuziwe usukani mtaani, gari lile limejaa nyaya na eabegi humo.

Kwa chini iko chini. Matuta ya Pongwe na Kange unayapanda kwa mshazari na bado kidevu cha bampa kinakwangua. Milango mirefu, ukiegesha Ngamiani karibu na ukuta hutoki. Siti ya nyuma inakaa watatu kweli, Camaro ya Chevrolet inakaa wawili tu, ila bibi yetu alivyoinamishwa kuingia nyuma akasema hatopanda tena, na hajapanda. Buti ni kubwa, lita 459, gunia la nazi tumeingiza na begi juu. Tairi za inchi 20 hapa mjini sijazipata duka lolote, ni Dar, na bei yake unaifikiria mara mbili, wakati ile V6 ya binamu ilikuwa na rimu za 18, bora zaidi kwa mashimo yetu.

Binamu naye anataka kurudi mwakani na kanitumia ujumbe juzi, auze SXT yake anunue nini? Nikamwambia R/T, otomatiki, isiyofika miaka minane siku ikifika bandarini, rimu za 18 kama atapata, isizidi hela ambayo akiizidisha kwa 1.7 bado analala usingizi, maana 1.7 ndo inatosha kodi na vile vitozo pamoja. Kama hela haifiki hapo basi achukue V6, ila ile ya kwake asiilete na uzee wake, aiuze hukohuko. Scat Pack anaitamani, namuona, nimemwambia zile dola 6,000 za tofauti hapa kwetu zinakuwa zaidi ya 9,000 bandarini na oili yake ni 0W-40 ambayo hata Dar utaitafuta. Akajibu na picha ya R/T nyeusi na namba ya chesisi. Mjomba kavaa miwani anaiangalia sasa hivi kwenye simu yangu, na keshamwandikia aje na plagi kumi na sita, filta nne na madumu mawili ya 5W-20 kwenye buti.